Somo: Mkongwe akitemwa au akitundika daluga NFL, pesa mfu inaangukia mwaka gani?

Kila Machi habari ni zile zile: timu fulani "imeokoa" mamilioni ya dola kwa kumtema mkongwe. Ukifungua hesabu za timu hiyo miezi miwili baadaye unakuta jina lake bado limo, tena na tarakimu kubwa kuliko ya watu wanaocheza. Somo hili ni la kupiga hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kabla hujaamini kichwa cha habari.

Kwa waliozoea soka: NFL, ligi ya mpira wa Marekani, mishahara mingi haina dhamana. Mchezaji akitemwa, mshahara usiodhaminiwa unafutika palepale, hakuna cha fidia wala kesi. Kinachobaki kuisumbua klabu ni pesa ambayo imeshalipwa lakini bado haijaingizwa yote kwenye hesabu za kikomo cha mishahara, yaani kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji kwa mwaka. Hiyo ndiyo pesa mfu. Kikomo chenyewe kilikuwa dola milioni 255.4 mwaka 2024 na milioni 279.2 mwaka 2025, na kila timu lazima iwe chini yake mwaka wa ligi unapofunguliwa katikati ya Machi.

Hatua ya 1: Tenganisha pesa za mkataba

Usiangalie jumla ya mkataba, haikusaidii. Gawa mafungu matatu.

Mshahara wa msingi unahesabiwa mwaka unaolipwa. Bonasi ya kuwemo kikosini nayo kwa kawaida inahesabiwa mwaka wake. Bonasi ya kusaini ndiyo yenye mambo: mchezaji anaipata mapema, lakini kwenye vitabu inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Ni kama daftari la mkopo la dukani: mchele umeshaliwa, deni linapunguzwa kidogo kidogo, lakini siku ukihama mtaa mwenye duka anataka lote.

Halafu kuna miaka hewa. Timu inaongeza mwaka mmoja au zaidi mwishoni mwa mkataba, miaka ambayo kila mtu anajua mchezaji hatacheza, ili bonasi ipate vigawanyo vingi. Tom Brady alipostaafu Februari 2023, Tampa Bay ilibebeshwa takriban dola milioni 35.1 mwaka huo kwa mtu ambaye hakuwa na mkataba wa kucheza tena. Zote zilikuwa bonasi za nyuma zilizosukumwa kwenye miaka hewa.

Hatua ya 2: Chora jedwali

Tuchukue mkongwe wa mfano. Amesaini 2024, miaka 4 pamoja na mwaka 1 hewa (2028). Bonasi ya kusaini ni milioni 20, yaani milioni 4 kila mwaka. Mishahara ya msingi: milioni 2 mwaka 2024, milioni 8 mwaka 2025, milioni 11 mwaka 2026, milioni 13 mwaka 2027. Hakuna dhamana baada ya 2025.

Mwaka 2026 anahesabiwa 11 + 4 = milioni 15. Akitemwa Machi 2026, vipande vya bonasi vya 2026, 2027 na 2028 vinaanguka pamoja: 4 × 3 = milioni 12. Timu imeokoa milioni 3. Bado si mbaya.

Sasa tuseme mwaka 2025 meneja alikuwa amebanwa, akageuza milioni 6 za mshahara wa milioni 8 kuwa bonasi. Mchezaji hakupoteza kitu, amelipwa mapema tu. Milioni 6 zinagawanywa kwa miaka minne iliyobaki, 2025 hadi 2028, kila mmoja milioni 1.5. Hesabu ya 2025 inashuka kutoka milioni 12 hadi 7.5, na mashabiki wanashangilia ujanja. Lakini tazama 2026: 11 + 4 + 1.5 = milioni 16.5. Na akitemwa: 5.5 × 3 = milioni 16.5. Umeokoa sifuri. Hata senti.

Hapo ndipo wengi wanapolaumu siku ya kutemwa, wakati kosa, kama ni kosa, lilifanyika mwaka mmoja nyuma. Kutema hakuzalishi pesa mfu, kunaifichua tu.

Hatua ya 3: Tazama kalenda, tarehe 1 Juni

Akiondoka tarehe 1 Juni au kabla, bonasi yote iliyobaki inaangukia mwaka huu. Akiondoka kuanzia tarehe 2 Juni, mwaka huu unabeba kipande chake tu, na vyote vilivyobaki vinaangukia mwaka ujao. Kwa mkongwe wetu aliyefanyiwa ujanja wa 2025: milioni 5.5 mwaka 2026, milioni 11 mwaka 2027. Nafasi inayopatikana 2026 ni milioni 11, ule mshahara wa msingi.

Timu inaruhusiwa kutema wachezaji wawili kabla ya tarehe hiyo na kuwaandikisha kana kwamba wameondoka baada yake. Mchezaji anakuwa huru Machi kutafuta timu, jambo jema kwake. Timu, lakini, inaendelea kubeba hesabu yake yote hadi tarehe 2 Juni. Maana yake nafasi hiyo haimsaidii meneja kusajili Machi, soko likiwa moto. Inamsaidia Juni, soko limebaki makombo. Inafaa zaidi kwa kulipia wachezaji wa drafti (vijana wapya ambao timu huwachagua kwa zamu) na kuweka akiba ya majeruhi wa msimu. Anayekuambia timu itamtema fulani kwa mtindo huu "ili imsajili fulani wiki ijayo" hajaangalia kalenda.

Mfano mkubwa ni Russell Wilson. Denver ilimwacha Machi 2024 kwa utaratibu huo, ikabeba pesa mfu takriban milioni 85: milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025.

Hatua ya 4: Ongeza dhamana

Kila mshahara uliodhaminiwa ambao haujalipwa unaongezwa kwenye pesa mfu. Soma tarehe ambazo dhamana inakomaa, kwa kawaida siku ya tatu au ya tano ya mwaka wa ligi. Ndiyo sababu wakongwe wengi hutemwa katika wiki ile ile moja ya Machi. Mshahara wa Wilson wa 2025, milioni 37, ungekuwa na dhamana kamili siku ya tano ya mwaka wa ligi wa 2024. Denver haikusubiri.

Angalia pia dhamana ya majeraha. Mchezaji asiyefaulu vipimo vya daktari anaweza kuidai hata kama mshahara wake hauna dhamana nyingine. Raiders walimweka Derek Carr benchi mechi mbili za mwisho za msimu wa 2022 kwa sababu akiumia vibaya wangejikuta wanadaiwa milioni 40.4. Wakamtema tarehe 14 Februari 2023, kabla dhamana hiyo haijakomaa, na pesa mfu ikawa takriban milioni 5.6 tu. Mkataba ule ulikuwa umeandikwa vizuri kwa upande wa klabu.

Hatua ya 5: Akistaafu badala ya kutemwa

Upande wa bonasi, kikomo hakijali: kustaafu kunaangusha vipande vilivyobaki sawa na kutemwa, na tarehe 1 Juni inafanya kazi vilevile. Tofauti ziko tatu.

Kwanza, anayestaafu anaacha mshahara wake, hata uliodhaminiwa. Carr huyohuyo alistaafu New Orleans Mei 2025 akiwa na mshahara wa milioni 30 wenye dhamana, akauacha. Angetemwa, klabu ingeulipa. Kwa hiyo ukisikia timu "inamshawishi" mkongwe astaafu, tafuta kwanza kama ana dhamana mezani.

Pili, ile nafasi ya kuandikishwa mapema kana kwamba ni Juni haipo kwa anayestaafu. Lazima karatasi zenyewe zisubiri. Drew Brees ndiye kielelezo. Februari 2021, kikomo kikiwa kimeshuka hadi milioni 182.5 kwa sababu ya korona, alikubali mshahara wake wa milioni 25 upunguzwe hadi milioni 1.075, kiwango cha chini cha mkongwe. Machi akatangaza kustaafu, lakini karatasi zikakaa hadi Juni. Klabu yake, Saints ya New Orleans, ikabeba milioni 11.15 mwaka 2021 na milioni 11.5 mwaka 2022, badala ya kumeza zote milioni 22.65 katika mwaka mbaya kuliko yote. Mkutano na waandishi hauna uzito wowote kwenye hesabu. Tarehe ya karatasi ndiyo yenye uzito.

Tatu, klabu ina haki ya kudai sehemu ya bonasi ya kusaini ya miaka ambayo hakucheza. Barry Sanders alipoondoka Detroit 1999, msuluhishi aliamua arudishe sehemu ya bonasi yake ya milioni 11. Andrew Luck alipoacha Agosti 2019, Colts waliamua kutodai chochote, akabaki na takriban milioni 24.8. Pesa ikirudishwa, klabu inapata nafuu kwenye kikomo baadaye. Hairudi nyuma kufuta pesa mfu ya mwaka huo.

Kosa dogo linalowaponza wengi: kati ya Machi na kuanza kwa msimu, timu inahesabiwa wachezaji 51 wa gharama kubwa tu. Ukimtoa mkongwe, wa 52 anapanda na kuingia. Kwa hiyo kwenye "milioni 3 zilizookolewa" toa mshahara wa huyo aliyepanda. Kwa 2026 kiwango cha chini kabisa cha asiye na uzoefu ni dola 885,000, kwa hiyo akiba halisi ni karibu milioni 2.1.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, akitemwa halafu akapata timu nyingine, ile timu ya kwanza inapunguziwa pesa mfu?

Bonasi haipunguzwi hata kidogo, ilishalipwa. Mshahara wenye dhamana unaweza kupunguzwa kama mkataba una kifungu cha kufidia, yaani anacholipwa na timu mpya kinapunguza deni la timu ya zamani. Wilson alisaini Pittsburgh kwa milioni 1.21, kiwango cha chini, na Denver ikalipa milioni 37.79 zilizobaki kati ya 39 alizodhaminiwa. Pittsburgh haikuwa na sababu ya kumpa zaidi. Kila dola ya ziada ingekuwa zawadi kwa Denver.

Samahani mwalimu, mimi bado sijaelewa. Kama pesa imeshatoka mfukoni, pesa mfu inamuuma nani?

Haimuumi mwenye timu, ndugu, yeye alishalipa. Inamuuma meneja na kocha, kwa sababu ni nafasi ambayo hawawezi kumpa mchezaji aliye hai kikosini. Atlanta ilipomuuza Matt Ryan Machi 2022 ilibeba takriban milioni 40.5 mwaka huo. Hakuna hundi mpya iliyoandikwa, ila karibu moja ya tano ya kikomo ilikuwa imeshajaa kabla ya msimu kuanza.

Kwa hiyo kuuza ni sawa na kutema?

Kwa bonasi, ndiyo. Mshahara uliobaki unahamia timu mpya, bonasi iliyokwisha kulipwa inabaki kwako. Tarehe 1 Juni inatumika pia, ila huwezi kuuza Machi ukaandikisha kana kwamba ni Juni.

Mkongwe akitemwa msimu ukiwa umeanza je? Kuna jamaa hapa Minneapolis anasema lazima alipwe mwaka mzima.

Jamaa yako yuko karibu na ukweli. Mwenye misimu minne au zaidi inayotambuliwa, akiwemo kikosini mechi ya kwanza ya msimu, anaweza kudai mshahara wa msingi uliobaki wa mwaka huo. Haki hiyo anaitumia mara moja tu maishani. Ndiyo maana utaona timu inamwacha mkongwe siku chache kabla ya mechi ya kwanza na kumrudisha wiki ya pili; anapoajiriwa baada ya hapo, haki ile haimlindi kwa namna ileile. Mashabiki wanadhani ni uamuzi wa kiufundi. Mara nyingi ni hesabu.

Akistaafu halafu akabadili mawazo, anakuwa huru?

La. Kama mkataba ulikuwa bado hai, klabu inamweka kwenye orodha ya wastaafu na inabaki na haki zake. Mkataba unasimama pale ulipofikia. Rob Gronkowski aliacha 2019, alipotaka kurudi 2020 ilibidi New England imuuze Tampa Bay, ikapata chaguo la raundi ya nne kwenye drafti huku yeye akienda pamoja na chaguo la raundi ya saba. Marshawn Lynch naye alitoka Seattle kwenda Oakland 2017 kwa njia hiyohiyo. Brady wa 2023 ni tofauti, mkataba wake ulikuwa unaisha, hakukuwa na cha kusimamisha.

Nimepiga hesabu ya mkongwe wa timu yangu, naona akitemwa Machi gharama inapanda kuliko akibaki. Nimekosea?

Huenda hujakosea. Vipande vya bonasi vilivyobaki vikizidi hesabu yake ya mwaka huu, kumtema kabla ya Juni kunaongeza mzigo. Kagua vitu viwili: kama umehesabu miaka hewa yote, na kama kuna dhamana uliyoisahau. Vikiwa sawa, basi timu yako ina njia mbili: abaki mwaka mmoja zaidi, au itumie moja ya zile nafasi mbili za Juni.