Una kisukari na unatafuta bima? Anza na dawa zako

Kabla ajenti hajakufungulia vijitabu vyake vya rangi, piga hesabu ya matumizi yako ya mwaka mzima: insulini, vijiti vya kupimia sukari, kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari mwilini kwa miezi kama mitatu iliyopita), kliniki ya macho. Kisha muulize: magonjwa sugu yana kikomo chake (kiasi cha juu ambacho bima italipa), au yanatumia kikomo chote cha bima? Hapo ndipo wengi wetu hunaswa. Karatasi inasema milioni moja, kumbe fungu la kisukari ni dogo tu, tena la kulazwa hospitalini pekee. Dawa za kila mwezi unajinunulia.

Uliza pia kipindi cha kusubiri kabla bima haijaanza kulipia ugonjwa uliokuja nao. Bima nyingi za binafsi hapa Kenya huweka miezi kadhaa, hata mwaka. Usiufiche kwenye fomu, maana wakigundua watakataa kulipa siku ile umelala wodini.

Michango ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usiiache eti umepata ya binafsi. Na majibu ya ajenti yaombe kwa maandishi. Mimi niliridhika na ya simu, nikalipia insulini miezi minane.