Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kuwapokea kuku wa mnadani

Mitetea kumi unaowashusha kwenye tenga bado si kundi. Mchuuzi amewakusanya mmoja mmoja kutoka kaya tofauti, wakakutanishwa mnadani, kisha wakasafirishwa kutoka Singida au Dodoma hadi Dar es Salaam wakiwa wamebanana, bila maji, jua likiwachoma. Kila mmoja kaja na wadudu wa kwao, na hakuna anayemjua mwenzake. Ukiwafungulia moja kwa moja kwenye banda la kuku wako utaona damu kesho yake. Baada ya muda panga zao (vile vishungi vyekundu vya kichwani) zitaanza kupauka, halafu mayai yatakatika. Mfugaji huyahesabu hayo kuwa matatizo matatu na kununua dawa tatu, kumbe yote yanatoka shina moja.

Tazama jinsi yanavyofuatana. Kuku aliyechoka na safari hushuka kinga ya mwili, na minyoo au vimelea vya kuhara damu alivyokuwa akivibeba bila shida humzidi nguvu. Akidhoofika, upanga wake hupauka na kusinyaa, na kwa kuku upanga ndio cheo: wenzake humpima hapo. Basi hudonolewa na kufukuzwa kwenye chakula, maji na hata vumbi la kuogea. Asiyepata nafasi ya kuoga vumbi na kujichambua manyoya hujaa chawa. Chawa humwasha mchana kutwa, utitiri humnyonya damu usiku, naye huzidi kudhoofika. Ndiyo maana nashauri wadudu washughulikiwe kabla ya kuwachanganya kuku, si baada ya ugomvi kuanza.

Wiki tatu za kutengwa

Maandalizi huanza kabla ya kwenda mnadani. Kuku waliopo nyumbani wawe wamechanjwa dhidi ya mdondo (wengine huuita kideri) angalau wiki 2 kabla wageni hawajafika, maana chanjo huhitaji muda mwilini. Chanjo ya I-2, ambayo kwa Tanzania hutengenezwa Kibaha, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, lakini hiyo si ruhusa ya kuianika juani.

Wageni watengwe kwa wiki 3, mbali na banda kubwa, wakiwa na vyombo vyao. Hudumia kuku wa zamani kwanza, wageni mwisho, na uwe na kandambili za huko huko. Tenga lisiingie bandani hata kidogo. Papasi na utitiri hujificha kwenye maungio yake, kwa hiyo limwagie maji yanayochemka ulianike, au kama limechakaa lichome moto.

Siku ya kwanza wape maji safi ya baridi, kivuli na utulivu. Vitamini za kuchanganya na maji kutoka duka la dawa za mifugo zinasaidia. Chakula kingi kwa mpigo hakisaidii. Kuna mazoea ya kuwapa antibayotiki siku hiyo hiyo "kwa kinga". Mimi siyakubali. Dawa hizo haziui kirusi cha mdondo wala chawa, zinajenga usugu, na ukija kuzihitaji kweli hazitafanya kazi. Mayai nayo yatapungua au kukoma kwa wiki kadhaa, hata kwa mtetea mwenye afya. Usihangaike nayo.

Mkague kuku mmoja mmoja

Kagua jioni, kuku wakishatulia, ukiwa na tochi. Mlaze mtetea kwenye mkono wako, kichwa kikiwa kwapani, kisha pulizia manyoya ya chini ya mkia. Chawa ni wadudu wa rangi ya majani makavu, na mwanga ukiwafikia hukimbia. Mayai yao ni vishada vyeupe vilivyogandamana kwenye mashina ya manyoya kuzunguka njia ya haja. Dawa ya unga ya kuku huua chawa lakini huacha mayai, kwa hiyo rudia baada ya siku 7 hadi 10. Usiporudia umewapunguza tu. Nyunyiza chini ya mabawa na chini ya mkia, usielekeze machoni wala puani.

Panda kichwani. Viroboto vya kuku hujishika kwenye upanga na kuzunguka macho, vimetulia kama punje nyeusi za ulezi, na ukivipangusa havitoki. Paka mafuta ya mgando mahali vilipo, ukiepuka jicho lenyewe, ili vikose hewa. Lakini watoto wao hukulia kwenye vumbi la ardhini, kwa hiyo kumtibu kuku bila kufagia banda na kuchoma takataka zake ni kazi bure.

Chini ya mabawa tafuta viluwiluwi vya papasi, madoa mekundu au meusi-bluu yaliyong'ang'ania ngozi. Hukaa hapo siku 5 hadi 10, kisha hudondoka na kujificha kwenye nyufa. Hii ni faida moja kubwa ya karantini: hudondokea kwenye kibanda cha muda unachoweza kukisafisha na kukipulizia dawa, badala ya ukuta wako wa udongo ambamo papasi mkubwa huweza kukaa miezi mingi bila kula.

Malizia miguuni. Magamba yaliyoinuka na kutoa unga mweupe ni ukurutu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki laini, paka mafuta ya mgando kila baada ya siku chache mpaka magamba ya zamani yatoke. Usitumie mafuta ya taa wala oili chafu, huunguza ngozi. Na dawa za kupulizia pamba au mahindi zisimguse kuku kabisa.

Utitiri mwekundu hutaukuta kwa kuku mchana. Usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Kikitoka na michirizi ya damu, tatizo lako liko kwenye fito na nyufa. Pulizia banda, rudia baada ya siku 7, kwa sababu kwenye joto yai huwa mdudu mzima ndani ya takriban wiki moja.

Minyoo nayo itibiwe ndani ya wiki hizo tatu. Piperazini huondoa minyoo mikubwa ya mviringo tu. Kama kuku wanazidi kukonda, muulize afisa mifugo kuhusu dawa yenye wigo mpana zaidi. Siku inayofuata ondoa matandazo na vinyesi. Soma kwenye kopo muda wa kutokula mayai na nyama, uufuate.

Siku ya kuwachanganya

Wiki tatu zikiisha, kama wageni hawana dalili yoyote, kwanza watenganishe na wenyeji kwa wavu tu, waonane bila kufikiana. Kisha waingize usiku, wote kwa pamoja, kamwe si mmoja mmoja, na uwepo pale alfajiri. Weka vyombo vya chakula na maji zaidi ya vile vya kawaida, kwenye kona tofauti, ili mbabe asivilinde vyote. Fungu la mchicha lililoning'inizwa huwapa wote kazi. Weka pia karai la majivu makavu yaliyochanganywa na vumbi.

Kudonoana kichwani na kukimbizana siku chache ni kawaida, ndivyo wanavyopangana. Si kawaida kuona damu, kudonolewa njia ya haja, au mtetea anayekaa kwenye fito kutwa nzima. Mpapase gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) jioni: likiwa tupu, hajala. Mwenye kidonda mtoe upesi, maana damu huwaita wengine. Kama mchokozi ni mmoja, mtoe yeye kwa siku 2 au 3. Akirudi, nafasi yake imeshachukuliwa. Kukata midomo sikupendekezi kwa kuku wa kienyeji. Mdomo ndio wanaotumia kuondoa chawa, na kuku waliokatwa huandamwa na wadudu zaidi.

Na kama karantini itatoa vifo, kinyesi cha kijani au shingo zilizopinda, simamisha kila kitu. Mwite afisa mifugo, fukia mizoga kwa kina au ichome, na waliobaki usiwarudishe mnadani hata kama bado wanasimama.