Kabla hujalipa karo ya kozi ya haki jinai Mombasa

Jiulize kwanza unataka kazi gani, maana jina la kozi hii huwapoteza wengi. Haki jinai au kriminolojia haikufanyi wakili. Wakili husomea shahada ya sheria, akaenda Kenya School of Law, akafanya mtihani wa uwakili. Polisi nao wana njia yao: konstebo anaanzia D+ ya KCSE, anakimbizwa, anapimwa urefu na afya, na diploma yako haikutoi kwenye foleni hiyo. Kozi hii inafaa anayelenga probesheni (kuwasimamia wanaotumikia adhabu nje ya jela), magereza, uchunguzi, ulinzi wa makampuni, au mashirika yanayowahudumia waathiriwa na wafungwa. Kama roho yako iko kwenye joho la wakili, usilipe hata shilingi.

Alama: C+ kwa shahada, diploma nyingi huanzia C-.

Kibali: ile fremu iliyotundikwa mapokezi ni usajili wa chuo. Wewe unatafuta kibali cha kozi. Cha shahada hutolewa na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu; cha diploma za vyuo vya kiufundi ni TVETA, mamlaka ya mafunzo ya kiufundi. Tafuta kwenye orodha zao jina la kozi neno kwa neno, pamoja na tawi utakalosomea, kisha uliza ni nani anayetunga mtihani wa mwisho. Ukijibiwa "tutakueleza ukishajiandikisha", chukua begi lako uondoke.

Sasa lile linaloangusha watu, na ni karatasi moja tu: cheti cha tabia njema cha polisi. Korti na ofisi nyingi za serikali hukitaka kabla ya kukupokea kwa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, pamoja na barua ya chuo na bima. Chukua binti wa Likoni aliyepata nafasi ya miezi mitatu, aripoti Jumatatu. Alhamisi ndiyo anaingia eCitizen, analipa shilingi 1,050, anachapishiwa fomu C-24, ile ya alama za vidole, saibakafe huku akiwahi feri. Zinatoka karatasi mbili, ukurasa wa mbele huku, wa nyuma kule. Fomu hiyo inatakiwa iwe karatasi moja, mbele na nyuma. Anarudishwa. Ijumaa anafika tena na fomu sahihi, lakini juzi alikuwa harusini: ncha za vidole zimekolea hina na ganda lake halijatoka lote, mistari ya vidole haisomeki vizuri. Aje wiki ijayo. Wiki hiyo nafasi imeshapewa mwingine, na bila atachimenti hahitimu na wenzake. Karo alilipa yote na mitihani alipita.

Kwa hivyo omba cheti miezi miwili kabla ya atachimenti, si mwaka mzima kabla, maana cheti cha zamani nacho hukataliwa. Usipake hina vidoleni hadi umalize. Anayefanya mjengo, akikanda saruji au chokaa kila siku, mistari yake husagika. Apumzishe mikono siku kadhaa na ajipake mafuta usiku, kisha anawe vizuri asubuhi ya kwenda.

Kabla ya muhula wa kwanza, nenda kortini ukakae. Kesi za jinai kwa kawaida ni wazi kwa umma, hulipi chochote. Fika saa tatu kasorobo, zima simu, usirekodi, usipige picha. Kesi za watoto usijaribu kuingia. Jifunze tofauti ya kesi kutajwa (kupangiwa tarehe au hatua inayofuata) na kusikizwa (mashahidi kutoa ushahidi), la sivyo utarudi nyumbani ukidhani hakuna lililofanyika. Sikiliza pia maneno ya mashahidi. "Alinichomolea simu" ni wizi. "Alinipiga ngumi akaninyang'anya" ni jambo jingine kabisa: ngumi ile moja inaweza kuipeleka kesi kwenye kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa mabavu, ambako sheria imeandika adhabu ya kifo. Vitabu vyako vitakuwa vya Kiingereza, lakini shahidi wa Majengo atasema Kiswahili chake, na ripoti utaandika wewe. Ukikosea kitenzi, umemwongezea mtu kosa au umemfutia.

Sheria zenyewe usinunue fotokopi za barabarani. Kanuni ya Adhabu ni Sura ya 63, Utaratibu wa Jinai ni 75, Ushahidi ni 80, na zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kwenye Katiba anza na vifungu vya 49 na 50.

Ukishaanza, ya kesi yaache kortini, hata kwenye grupu ya familia usiyaweke. Daftari la atachimenti lisainiwe kila wiki, usingoje mwisho. Na kwa sababu jirani atasikia unafanyia atachimenti gereza la Shimo la Tewa, ataleta ombi: bahasha hii, simu hii, mpelekee kaka yangu. Mwambie siku ya kutembelea aende mwenyewe, apekuliwe kama wengine.