Jinsi ya kulinganisha spidi ya data kwenye smatifoni za mwanzo

Kama unazo simu za zamani na unataka kujua ipi ina data ya kasi, cheki kwanza mtandao inaoshika, maana iPhone ya kwanza ya 2007 iliishia EDGE tu (data ya 2G), wakati Nokia N95 ya mwaka huohuo ilikuwa na 3G ya HSDPA (3G iliyoongezwa kasi ya kupakua) mpaka megabiti 3.6 kwa sekunde, na iPhone 3GS ya 2009 ikafika 7.2. Hizo ni namba za kwenye karatasi, usizitegemee sana.

Zima Wi-Fi, tumia laini ileile moja kwenye simu zote, kaa palepale na saa zilezile, kisha pakua faili moja la megabaiti 1 huku unahesabu sekunde. Gawanya 8,000 kwa sekunde hizo unapata kilobiti kwa sekunde, yaani ikichukua sekunde 40 ni 200, hiyo ni EDGE nzuri kabisa! Rudia mara tatu halafu chukua ya katikati.

Usipime kwa kufungua kurasa peke yake, prosesa za zamani nazo zinachelewesha ukadhani ni mtandao. Na kama 3G imeshazimwa ulipo basi zote zitashuka EDGE, ila kama 2G bado ipo.