Somo: Kushusha bili ya umeme kiwandani, na kwa nini kapasita zisubiri

Wakuu, habari za kazi. Wengi mmeomba somo la pawa fakta (uwiano wa kW, umeme unaofanya kazi, kwa kVA, umeme wote unaovutwa kwenye laini) na kapasita, vifaa vya kupandisha uwiano huo. Nitalieleza, ila nimeliweka hatua ya nne kwa makusudi. Kapasita hupunguza kVA, hazipunguzi uniti. Mwenye kiwanda akiambiwa "funga kapasita, bili itashuka nusu", anauziwa maneno.

Hatua ya 1: Soma bili

Mteja wa T2 wa TANESCO (volti 400, zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, mahitaji yasiyozidi kVA 500) analipia vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni uniti, yaani kWh. Cha pili ni kVA ya juu kabisa aliyoifikia mwezi huo. Hapa kuna jambo linalochanganya hata mafundi wazoefu: ule mshtuko wa mota kuwaka hudumu sekunde chache tu, nao hauna uzito mkubwa, kwa sababu kVA hupimwa kwa wastani, kwa kawaida wa nusu saa. Kinachoumiza ni mashine kubwa kufanya kazi kwa pamoja. Kwa mfano, kwenye kiwanda cha chupa za plastiki, kama kinu cha kusaga mabaki kinaweza kusubiri mpaka mashine za chupa zipumzike, kisubiri.

Kusanya bili za miezi 12, kisha kwa kila mwezi gawanya kWh kwa tani ulizozalisha. Bila namba hiyo hutajua kama umebana matumizi au ni uzalishaji tu umeshuka.

Hatua ya 2: Pima

Kodi mita ya kurekodi, ifunge kwenye meni swichi wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Siku ambayo kiwanda kimefungwa ndiyo inayosema ukweli. Ukikuta kW 40 zinatembea na hakuna mtu kazini, zifuate moja moja kwa klampu mita (mita ya kubana waya ili kupima mkondo) mpaka ujue zinakwenda wapi. Mara nyingi utazikuta kwenye kompresa, pampu za maji ya kupoozea na feni ambazo hakuna aliyepewa jukumu la kuzizima.

Hatua ya 3: Ziba upotevu

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo watu wanapopapita haraka kwa sababu hakuna kifaa kipya cha kuonyesha bosi.

Anza na upepo wa kompresa. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye kompresa hugeuka joto, kwa hiyo upepo unaovuja ni umeme ulioulipia kwa bei kubwa mno. Kwenye kiwanda kisichotunza mabomba, si ajabu mivujo ikala asilimia 20 hadi 30 ya upepo wote. Jipime hivi: zima mashine zote zinazotumia upepo, acha kompresa peke yake, shika saa. Andika dakika inazosukuma upepo na dakika inazopumzika, kwa mizunguko kadhaa. Ikisukuma dakika 1.5 na kupumzika 3.5, gawanya 1.5 kwa 5: mivujo ni asilimia 30. Baada ya hapo chukua maji ya sabuni, pita kwenye maungio, mipira na vali.

Ukishaziba, shusha presha. Mashine nyingi zinahitaji bar 6, lakini kompresa imewekwa 8 "kwa usalama". Kila bar moja unayoshusha hupunguza umeme wa kompresa kwa takribani asilimia 7. Mashine za kupuliza chupa zina presha yake kubwa, hizo ziache kwenye laini yake.

Halafu feni na pampu. Feni inayobanwa kwa mlango wa hewa muda wote inafaa kufungiwa draivu (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota), maana ukishusha mwendo wake hadi asilimia 80, umeme unaotumika hushuka hadi karibu nusu. Mashine inayokwenda mwendo uleule kwa mzigo kamili, draivu haitaisaidia kitu.

Hatua ya 4: Sasa kapasita

Chukua kiwanda chenye mzigo wa kW 300 na pawa fakta 0.75. Kinavuta kVA 400. Ukiipandisha hadi 0.95, kinavuta kVA 316, umepunguza 84. Kwa mfano wa shilingi 15,000 kwa kVA, hiyo ni shilingi 1,260,000 kila mwezi. Unahitaji kvar (kipimo cha umeme usiofanya kazi, ambao kapasita huufidia) 300 × 0.553, namba ya kutoka 0.75 hadi 0.95, yaani 166. Kapasita saba za kvar 25 zinatosha, zikiendeshwa na kidhibiti kinachoziingiza na kuzitoa chenyewe. Lenga 0.95, usikimbilie 1, usije ukazidisha pale mzigo unaposhuka usiku.

Tafadhali sana: kapasita hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Subiri dakika kadhaa, pima kwa multimita, ndipo uguse.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwetu kapasita zinavimba na kupasuka kila baada ya miezi michache. Tuna draivu nyingi. Tatizo ni ubora?*

Ubora unaweza kuchangia, lakini mimi ningeanza na hamoniki, yaani mawimbi ya umeme yenye hezi zilizo mara kadhaa ya hezi 50 za kawaida. Draivu huzitia kwenye laini, hasa ya tano, yaani hezi 250, nazo kapasita pamoja na transfoma huweza kuzikuza. Pima hamoniki kwanza, kisha nunua kapasita zenye koili ya kuzuia hamoniki, iliyo maarufu ni ya asilimia 7. Kubadilisha kapasita tupu kwa kapasita tupu ni kurudia hasara.

*Naweza kufunga kapasita kwenye mota yenyewe?*

Ndiyo, kama mota inakwenda muda mrefu na haina draivu wala sta-delta (njia ya kuwasha mota kwa hatua mbili). Kapasita isizidi asilimia 90 ya kvar za mota ikiwa haina mzigo, vinginevyo mota ikizimwa inaweza kujizalishia volti hatari. Ukiifunga baada ya ovalodi (kifaa kinachoikata mota ikizidiwa na mkondo), punguza mpangilio wa ovalodi, maana mkondo unaopita hapo utakuwa umeshuka. Kwenye upande wa kutokea wa draivu, usifunge kamwe.

*Kaka, kile kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi nyumbani kinasaidia LUKU?*

Hapana. LUKU ya nyumbani inahesabu uniti, haihesabu kVA. Kiboksi hicho, hata kikiwa na kapasita ya kweli ndani, hakina cha kukupunguzia.

*Niko Thika, Kenya. Huku inakuwaje?*

Mantiki ni ileile, mnalipia kVA na mnatakiwa kukaa pawa fakta 0.9 au zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliweka kwamba kiwanda kinachotumia kWh 180,000 au zaidi kwa mwaka lazima kikaguliwe nishati kila miaka mitatu. Dai ripoti hiyo kwa meneja wako uisome. Vipimo vingi vya hatua ya 2 utavikuta humo tayari vimefanywa.

*Mota iliyosukwa upya inakula umeme zaidi?*

Inategemea fundi. Akiichoma kwa moto wa kukisia ili kung'oa waya wa zamani, anaharibu chuma cha ndani na mota itapata joto daima. Muulize anang'oaje waya kabla hujamwachia mota. Mota ndogo inayokwenda saa 24, kuisuka mara ya tatu huwa ni ghali kuliko kununua mpya yenye daraja la ufanisi la IE3.