Somo: Kupata nakala ya rekodi kwenye ofisi za kaunti, Kenya

Wengi hurudishwa mapokezi kwa sababu huenda kuuliza habari badala ya kuomba karatasi. Ukisema "nataka kujua pesa za soko zilienda wapi," karani atakwambia urudi wiki ijayo. Taja karatasi yenyewe.

Hatua ya 1: Jua mlango. Kaunti huweka bajeti, mipango ya maendeleo, leseni za biashara, michoro ya majengo iliyoidhinishwa, na orodha ya tathmini inayotumika kutoza kodi ya ardhi. Sachi ya kujua shamba ni la nani ni kazi ya msajili wa ardhi, ambaye yuko chini ya serikali ya kitaifa. Vyeti vya kuzaliwa navyo haviko kaunti. Mijadala ya wawakilishi wadi iko kwa karani wa bunge la kaunti.

Hatua ya 2: Andika barua. Unasimama juu ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili kinakubalika, na si lazima useme unaitakia nini. Barua yangu ya kwanza iliomba "taarifa zote kuhusu ukarabati wa soko." Kimya. Ya pili ikaomba "nakala ya mkataba wa paa la soko pamoja na orodha ya kazi na bei zake," nikataja na mwaka wa fedha. Hiyo ikajibiwa.

Hatua ya 3: Mhuri. Hapa ndipo watu huteleza. Beba barua mbili zinazofanana. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Itazame kabla hujatoka. Yangu iligongwa kwa wino uliokauka, tarehe ikatoka nusu, nami nikaiona nikiwa tayari kwenye matatu. Ilinibidi nirudi, maana bila tarehe huna pa kuanzia kuhesabu.

Hatua ya 4: Hesabu. Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kama rekodi iko ofisi nyingine, barua ihamishwe huko ndani ya siku 5. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza mpaka muda upite, sheria inahesabu kwamba wamekataa. Una siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

MASWALI

Naambiwa nilipe kwanza ndipo barua ipokelewe. Ni sawa?
Hapana. Kuomba hakulipiwi. Utakachodaiwa ni gharama ya kutoa nakala, tena iwe ya kadiri.

Mama yangu hajui kuandika. Nimwandikie mimi?
Unaweza, lakini si lazima. Akieleza kwa mdomo, afisa anatakiwa ayaandike maombi yake na kumpa nakala. Mwambie asiondoke bila hiyo nakala.

Jirani anajenga ghorofa ukutani kwangu. Naweza kuona mchoro wake?
Omba nakala ya idhini ya ujenzi, utaje nambari ya kiwanja. Usitarajie kupewa nambari ya kitambulisho chake wala simu. Faragha ya mtu inalindwa. Na kama ukuta umeshaanza kupasuka, usingoje siku 21. Nenda leo kwa afisa wa mipango wa kaunti ndogo, na picha mkononi.