Kabla hujaambiwa gia boksi imekufa: pima ovadraivu ya pikapu ya mtumba

Nazungumzia pikapu za Toyota za otomatiki zenye gia nne mbele, hasa za gia boksi ya A340, zile zenye kitufe cha O/D pembeni mwa gia liva. Gia ya 3 ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, nayo inazunguka mara moja. Gia ya 4, ndiyo ovadraivu, ni kama 0.7. Propela inamaliza mzunguko mzima kabla injini haijafika robo tatu ya wake. Ndiyo maana gari linatulia na kula mafuta kidogo kwenye safari ndefu.

Anza na taa. Washa gari uangalie dashibodi. O/D OFF ikiwaka na kubaki, ovadraivu imezimwa kwa kitufe, basi. Wengi huiona wakadhani gari ni bovu, au wakadhani ndiyo "imewashwa". Bonyeza kitufe, taa izime. Ila ikiwa inapepesa yenyewe, hiyo ni kompyuta inalalamika. Mara nyingi ni solenoidi (vali ya umeme ndani ya gia boksi) au sensa ya mwendo. Apime fundi mwenye mashine kabla hujatoa hela.

Pili, oili. Endesha kwanza gari lipate moto vizuri, simama mahali tambarare, injini ikiunguruma. Pitisha gia liva kila mahali taratibu, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti. Soma alama za HOT. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: wekundu ni mzuri. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, mrudishie mwenye gari ufunguo wake.

Sasa barabarani, nje ya mji. Shika 80 bila kubadilisha mguu, kwenye tambarare, kisha bonyeza kitufe kuzima ovadraivu. Mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, uliokuwa 2,000 unatakiwa kuruka hadi karibu 2,800. Washa tena, urudi. Usipocheza kabisa, gia ya 4 haikuwa imeingia tangu mwanzo. Mshale ukipanda lakini gari halisukumwi, gia boksi inateleza, na hilo ni tatizo la kweli.

Ukiwa bado kwenye gia ya 4, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, wa kulia usitoke kwenye mafuta. Mshale ukiinuka kama 200 au 300 hivi, toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, ilikuwa imefunga na sasa imeachia. Ndivyo inavyotakiwa.

Gia ya 4 isipokuja, usikimbilie gia boksi. Tazama mshale wa joto. Kompyuta hainyimi ovadraivu kwa uchoyo, inasubiri injini ipate moto. Na hapa kwetu mafundi tuna tabia mbaya ya kung'oa themostati, vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto, eti gari lisichemshe. Niliwahi kuletewa pikapu, mwenyewe kashaambiwa anunue gia boksi nzima. Nikagundua mshale wa joto haufiki hata robo, safari yote. Nikafungua kasha la themostati: tupu! Tuliweka mpya, tukatoka kujaribu, na kabla hatujamaliza kilomita kumi gia ya 4 ikaingia. Mwenye gari alicheka, halafu akaanza kuhesabu mafuta aliyochoma mwaka mzima.

Limekaa sawa? Basi kwenye barabara ya kawaida acha ovadraivu iwe imewashwa. Kupanda mlima ukiwa na mzigo ni habari nyingine. Ukipanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, na tani moja nyuma, gia boksi itahangaika kati ya 3 na 4, toki konveta ikifunga na kuachia, na oili inapikika humo ndani. Zima O/D pale Ruaha Mbuyuni kabla hujaanza kupanda. Kurudi, izime tena juu, na kona zikibana teremsha hadi 2 injini ishike gari, maana breki pekee zitanuka kabla hujafika chini. Tambarare ikianza, bonyeza kitufe, taa izime.